Kiti cha Mbele Kina Mtu

Kilichomshangaza Kithaka kwanza kilikuwa kiti. Alifika Ishiara asubuhi kununua gari, akaweka kiganja kwenye boneti kama afanyavyo mnunuzi yeyote asiyetaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Boneti ilikuwa baridi. Vizuri, maana yake injini haikupashwa moto ili ifiche kasoro zake. Lakini alipofungua mlango wa abiria na kuegemeza mkono kwenye kiti cha mbele, kiti kilikuwa na joto, na sponji ilikuwa inainuka polepole, kana kwamba mtu ndiyo kwanza ametoka kukaa.

"Ni jua," alisema mwenye gari, Gatakaa, kabla hajaulizwa.

Gari lilikuwa chini ya mabati, kivulini tangu jana. Kithaka aliliona hilo, akalipuuza.

Na si kwamba alikuwa mshamba wa magari. Ana duka la vipuri Runyenjes. Alifungua kifuniko cha oili akanusa, akalala chini kutafuta mvujo, akaliwasha na kwenda nyuma kutazama moshi. Hakukuwa na moshi wa buluu. Turbo ilipiga mluzi mwembamba, safi. Kilomita zilikuwa zaidi ya laki nne, zote za kupeleka muguka Mombasa, yale majani ya kutafuna yanayotakiwa kufika kabla hayajanyauka. Magari ya kazi hiyo hukimbizwa kama yameibwa, na mengi hufa mapema. Hili lilinguruma kama limeshuka melini juzi.

"Kilomita zote hizi na injini haijafunguliwa?"

"Haijafunguliwa."

"Basi una bahati, mzee."

Gatakaa hakucheka. Aliuliza tu, "Na nyumbani? Mama watoto yuko sawa?"

Kithaka akajibu, kwa sababu kwetu mtu akikuuliza habari za nyumbani unamjibu. Akaeleza yote. Mwaka uliopita mkewe, Lydiah, alishikwa na uchungu mvua ikinyesha. Bodaboda ikakwama kwenye matope, na mtoto akafia njiani kabla hawajaona lami. Sasa Lydiah alikuwa mjamzito tena, amebakiza kama mwezi. "Ndiyo maana nataka gari yenye haina mchezo. Hii mara sitazika mtoto tena."

Gatakaa aliinua macho akamtazama sawasawa. Kisha akapunguza bei bila kuombwa. Hebu niambie, ni muuza gari gani, kutoka Ishiara mpaka Gachoka, anayepunguza bei bila kuombwa? Mtu mwenye akili angerudi kwake. Kithaka alishukuru.

Wakaenda kulijaribu barabarani, Kithaka kwenye usukani. Gatakaa alikataa kabisa kiti cha mbele, akajibana nyuma. Hawajafika mbali, kengele ikaanza kulia kwenye dashibodi, tii, tii, tii, na taa nyekundu ikawaka: abiria wa mbele hajafunga mkanda.

"Sensa imekufa," Kithaka alisema, akafurahi kupata cha kuombea bei ishuke tena. Akafanya kile ambacho kila dereva wa Kenya hufanya akichoshwa na ile kelele. Akanyoosha mkono, akavuta mkanda juu ya kiti kitupu, akaufunga. Tak!

Kengele ikanyamaza.

"Umefanya nini?" Gatakaa alinong'ona. "Ai, kijana, umefanya nini? Mimi sijawahi kumfunga."

"Kumfunga nani?"

Mkanda ule uliokuwa umelegea juu ya kiti ulianza kukaza wenyewe, ukapanda, ukajaa, ukazunguka kifua ambacho hakikuwepo, na kioo cha upande ule kikafunga ukungu wa duara dogo kama la pumzi ya mtu aliyeegemeza uso, duara likawa linakuja na kuondoka, linakuja na kuondoka, na harufu ya udi ikajaa ndani ya gari mpaka macho ya Kithaka yakatoa machozi na mikono yake ikashindwa kunyoosha usukani.

Akasimamisha gari kando ya barabara, akaruka nje. Akamtoa Gatakaa kwa kola ya shati.

"Sema!"

"Nilimbeba Mariakani nikirudi," mzee alisema, sauti haisikiki vizuri. "Mama mmoja, mpole. Kufika Voi naangalia kando, hakuna mtu, lakini kiti kimebonyea. Hajatoka tangu hiyo siku. Nimeleta wachungaji watatu. Wameomba kwa Kimbeere, wameomba kwa Kiingereza. Yeye anacheka tu."

"Anataka nini?"

"Mimi hajaniambia. Aliambia mke wangu, akiwa amejifungua. Mke wangu akamkatalia. Mtoto hakumaliza wiki, na mke wangu hajaongea neno mpaka leo." Akajifuta pua kwa mkono. "Kabla hajanyamaza, mke wangu aliniambia huyo mama ataondoka na mtu mwenye mtoto njiani. Nimebaki na binti mmoja, Kithaka. Utanilaumu aje?"

Kithaka alimlaumu. Alimtukana matusi ambayo mtu hamtukani mzee wa rika la baba yake, kisha akageuka aende zake kwa miguu. Haki ya Mungu, alikuwa tayari ametembea. Ndipo simu ikalia.

Alikuwa mama yake, Cicily. "Kithaka, rudi. Lydiah anatoka damu. Huku ni mvua, hakuna pikipiki inakubali kuja."

Akasimama katikati ya barabara. Mbele yake hakukuwa na gari jingine lolote, wala vumbi la gari. Nyuma yake lilikuwepo lile, injini bado inanguruma, lenye nguvu za kupanda milima ya Runyenjes bila kuhema. Akarudi. Alimwacha Gatakaa palepale, akaingia, akafunga mlango. Akaongea bila kutazama kushoto kwake.

"Nifikishe. Lingine tutaongea."

Nadhani hapo ndipo alipokosea, ingawa sijui mimi au wewe tungesema nini.

Gari likaenda. Lilikata kona zile kwa namna ambayo Kithaka hakuwa ameiomba, matope yakawa kama lami, malori yakawa yanapisha kabla hajapiga honi, na wakati wote huo alisikia kando yake mtu akiimba kwa sauti ndogo wimbo wa kubembelezea mtoto, kwa Kiswahili kile laini cha pwani, akakaza macho kwenye barabara kwa sababu alijua akigeuza shingo kidogo tu ataona nani anaimba, na akiona hataweza kufika.

Nyumbani walimpakia Lydiah nyuma na mama yake Kithaka. Hakuna aliyeuliza kwa nini kiti cha mbele hakikaliwi. Wakafika hospitali mjini Embu jua halijazama, na daktari alisema wangechelewa kidogo tu wangempoteza mama na mtoto wote wawili.

Alikuwa msichana, mzito, mzima. Kithaka alilia mbele ya manesi bila aibu. Akaenda kutazama gari. Mkanda ulikuwa umefunguka, kiti baridi, hakuna harufu yoyote. Akadhani Mungu amewaona.

Aliporudi wodini, Lydiah alikuwa anatabasamu kwa uchovu. "Yule mama wa mbele umemshukuru? Mwenye leso nyeusi."

"Alikwambia nini?" Kithaka aliuliza.

"Alinishika mkono njia yote," Lydiah alisema. "Akaniambia, 'Nikimwokoa utamwita mimi?' Nikakubali. Ningekubali chochote. Anaitwa Zumaradi."

Cicily, aliyekuwa amesimama na blanketi mkononi, akainamisha uso. Kwetu jina la binti wa kwanza ni la mama wa baba. Na si jina tu: anayeitwa jina lako ndiye wewe, umerudi nyumbani, utapewa kiti na uji na kuitwa mama na watu wazima. Alikuwa amengoja siku hiyo miaka mingi. "Mmempa mtu wa barabarani mahali pangu," alisema, akatoka nje.

"Tutambadilisha jina," Kithaka alisema haraka. "Ataitwa Cicily."

Mtoto akaacha kupumua. Midomo ikaanza kubadilika rangi, na Lydiah akapiga mayowe, na nesi akaja mbio akamgeuza, akampiga mgongo, akampiga tena. Hakuna.

Kithaka aliona tena matope ya mwaka jana. Akamwinamia binti yake sikioni, huku Cicily akimsikia kutoka mlangoni.

"Zumaradi," aliita.

Mtoto akavuta pumzi ndefu, akafungua macho, akamtazama kama mtu mzima anavyomtazama mwenyeji wake, na alipowekwa kifuani pa Lydiah akaanza kunyonya.