Abiria wa Mlima wa Iyula

Wewe Deus, cheka umalize kabisa. Na wewe Shadrack unayetikisa kichwa, toka hapa kijiweni ukabishane na ukuta. Ninayoyasema yamenipata mimi, Yonathani, dereva wa bodaboda ambaye Tunduma nzima hamna wa kunishika, na asiyeniamini aende Iyula peke yake usiku huu. Nani anakwenda? Basi nisikilizeni.

Mnamjua rafiki yangu Lusubilo. Mnajua yeye na mkewe Ketrina wamezika watoto wawili, wote wachanga. Sasa jioni ya juzi ananipigia, analia huku anacheka: "Yona, kazaliwa wa kike! Analia kama tarumbeta ya kanisani. Njoo Iyula umwone!" Nyie mkaniambia nisubiri asubuhi, kuna ukungu. Mimi, nisubiri asubuhi? Nikafunga sabuni na khanga kwenye keria, nikawasha pikipiki.

Nilipoiacha lami, mvua ilikuwa imeshaigeuza barabara kuwa uji. Nikasimama kufuta kioo cha helmeti. Nikapanda tena, springi za nyuma zikabonyea. Kawaida hiyo. Kisha zikabonyea mara ya pili.

Sasa sikilizeni kosa, na msinicheke, maana hata nyie lingewapata. Kazi hii imetuzoesha vibaya: nyuma ikibonyea, mdomo unauliza kabla ya akili.

"Umekaa?" nikauliza.

"Nimekaa," ikajibu sauti.

Ungekuwa wewe, Deus, ungeacha pale pikipiki na suruali. Mimi nikatia gia. Ikaja harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha, kali mpaka machozi, wakati kahawa yenyewe bado kijani mtini. Nikafuta kioo cha pembeni kwa kidole. Nikaona mabega. Juu ya mabega, ukungu mtupu.

"Unashukia wapi?" nikauliza, nimeikaza sauti.

"Unakoshukia wewe."

"Mimi naenda kwa watu wangu."

"Najua," ikaninong'oneza. "Namsikia analia."

Mimi sikusikia kitu zaidi ya injini. Mbwa wa nyumba za kando, ambao siku zote hunifukuza wakitaka kula matairi, walikuwa wamelala pembeni mwa barabara hapa na pale wakitazama nyuma yangu bila kubweka, na baridi ikawa inaniingia mgongoni taratibu kama mtu anayeniegemeza kifua kilicholowa, na kila nilipopunguza mwendo kile kifua kiliegemea zaidi, na ile sauti ikawa sikioni kabisa, ndani ya helmeti, inaita kwa upole, kama mama anayebembeleza, majina ya wale wawili waliozikwa, majina ambayo Lusubilo hajawahi kumwambia mtu ila mimi, na hapo nikaelewa kwamba nikisimama mlangoni kwake nitakuwa nimemletea kifo cha tatu, kimekaa nyuma yangu, nimekikaribisha mwenyewe.

"Sikiliza wewe," nikasema. "Huyu humpati."

Jini lile likacheka. Mimi nikapaza sauti: "Cheka tu. Humpati!"

Mnaujua ule mlima kabla ya kwa kina Lusubilo. Mvua ikinyesha hakuna abiria anayeupanda akiwa amekaa. Hata mchungaji hushuka, akatembea, tukamchukua juu. Nikafika chini yake nikakanyaga breki.

"Oya, shuka! Kwenye tope hili haipandi na wawili. Mchungaji anashuka, wewe nani ukatae? Tembea, tutakutana."

Springi zikainuka.

Jamani, nilivuta mafuta! Niliupanda mlima ule nikilitukana matusi ambayo Shadrack hajayafikia bado.

Mama Tabita, mama yake Lusubilo, alinifungulia ameshika taa. Akaninusa, akarudi hatua moja.

"Baba, umekuja na nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Peke yangu, mama."

Akaangalia gizani nyuma yangu kwa muda. Ndipo akanipakatisha mtoto. Wa moto, mzito, kanikamata kidole hataki kuachia. Wamemwita Aida. Mpaka leo ananyonya na kelele zake ni zilezile. Kwa hiyo jini nimelipiga chenga, mimi huyuhuyu. Semeni lingine.

Haya, acheni kunitazama hivyo. Kuna kipande nimekiruka.

Halikushuka kirahisi. Pale chini ya mlima liliniuliza, "Tutakutana wapi?" Likakaa, zito kama gunia la mahindi, mpaka nitaje mlango. Taa ya Lusubilo ilikuwa inaonekana kule juu. Mlango mwingine niliokuwa na uhakika kwamba hauna mtoto ndani ulikuwa mmoja tu. Nikataja chumba changu, kule nyuma ya soko. Likaniuliza likifika limuulizie nani. Nikalitajia jina langu.

Kabla sijaanza kuwasimulia, Mama Roda mwenye nyumba wangu amenipigia. Anasema nina mgeni. Kaja kwa miguu, ana tope mpaka magotini, amekaa mlangoni kwangu na hataki kuinua uso.

Nimemwambia ajifungie ndani, asimsemeshe. Naenda mwenyewe. Na nyie mkija kuulizwa, semeni Yonathani alijua anachokitaja, na angepelekwa tena pale mlimani, angetaja palepale.