Mama Apumzike

Majirani zangu wa Singe, habari hii mnaijua nusu nusu, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake. Mimi nilikuwamo ndani ya gari, kiti cha nyuma. Kwa hiyo tulieni niwaeleze ilivyokuwa, hasa ninyi wenye mama mzazi nyumbani na simu nzuri mkononi.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, msimu wa mbaazi. Tulikuwa uani kwa Domitila, ambaye sisi majirani tunamwita Mama Theodori kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mimi na Jovita tulikuwa tunapura, na yeye anapepeta akiwa amekaa kwenye kigoda, maana magoti yake yalikwisha kataa kazi ya kuinama. Upepo ulikuwa unashuka vizuri kutoka mlima Kwaraa, makapi yanaruka, makande yanatokota jikoni. Mama Theodori alikuwa anatutania kwamba tunazipiga zile mbaazi kama watu wanaobembeleza mtoto alale. Tulicheka mpaka Jovita akaweka fimbo chini.

Ndipo gari likapiga honi nje.

Alikuwa Theodori mwenyewe. Ana duka la vifaa vya ujenzi kule mjini Babati, na tusimsingizie, si mtoto mbaya. Sukari analeta, unga analeta, mtungi wa gesi ukiisha analeta mwingine. Ila ana tabia moja ambayo mtaa mzima tunaijua: akija kwa mama yake, hazimi gari. Linabaki linaunguruma nje, mlango wazi, naye anaingia na mfuko, anasema shikamoo Mama, na ile marahaba inamkuta ameshageuka. Dada yake Edda yuko ofisini Arusha, na yeye huja kwa simu tu.

Siku hiyo, alipokuwa anatoka, simu yake iliita. Alisimama kwenye ukuta wa jiko akazungumza kwa sauti kubwa, maana gari lilikuwa linamzidi kelele. Mama Theodori alikuwa ameingia jikoni kutia chumvi kwenye makande. Aliporudi kwenye kigoda, hakushika tena ungo.

Tulimwuliza ana nini. Akatuambia alichokisikia. Theodori alimwambia Edda hivi: Mama ameteseka vya kutosha, sasa apumzike. Mahali nimeshapata, wanawapokea wazee. Jumamosi tunampeleka, tunamwacha huko. Usimwambie, atakataa.

Jamani, neno kupumzika mnalijua. Mnalisikia redioni kwenye matangazo ya misiba, mnalisoma kwenye misalaba makaburini. Mtu wa kwetu akisema fulani amepumzika, huulizi amepumzika wapi, unatafuta kanga ya kwendea msibani. Jovita alisema huenda ni zile nyumba za kutunzia wazee wasio na ndugu. Mama Theodori akajibu kwamba kwake ni njia ileile, tofauti ni kituo tu. Ingefaa tumwulize Theodori, lakini wa kuulizwa alikuwa ameshaondoka, na vumbi la gari lake lilikuwa limeshatua, na kumpigia simu Mama Theodori alitukataza.

Wiki ile Mama Theodori aliitumia kuaga. Kuku zake alimpa Jovita, pamoja na lile jogoo jekundu lililokuwa linatuamsha mtaa mzima. Mimi alinipa sufuria yake kubwa. Alimwita Xavery, katekista wetu, akamwomba sala ya safari, na Xavery, ambaye hana dogo, akaleta jumuiya nzima. Niliona uchungu, sifichi. Mwanamke huyu aliuza mbaazi za miaka yote kuwasomesha wale wawili, na sasa anagawa vyungu vyake akiwa mzima.

Jumamosi asubuhi Theodori na Edda walipofika, walikuta ua umejaa watu wanaimba. Mama yao alitoka ndani amevaa gauni la kitenge alilolitunza kabatini miaka mingi, na sisi wanawake wote tulijua gauni lile alilishonea siku gani. Theodori hakujua. Alitabasamu akasema, "Mama, leo umependeza kweli."

Wanawake wakaanza kulia. Theodori akashangaa, akawatuliza kwamba ni safari fupi tu, kwamba Mama anakwenda mahali pazuri. Kilio kikapanda. Katekista Xavery alimtazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake hata wakati wa kukemea walevi.

Mama Theodori alikuwa na ombi moja, kwamba mtu wake mmoja aandamane naye, ili paonekane pale anapoachwa. Akanishika mkono. Ndivyo nilivyoingia garini.

Njia ya kushukia Magugu ni nzuri, na hewa inazidi kuwa ya joto kadiri unavyoteremka. Edda alikuwa anamwonyesha mama yake mashamba ya mpunga, twiga aliyesimama mbali kwenye migunga, na ng'ombe wa Wambugwe. Mama Theodori alivitazama vyote kwa makini sana, kama mtu anayepanga vitu vyake. Alisema tu kwamba mchele wa Magugu alikuwa anaupenda. Alisema "nilikuwa". Edda hakulisikia neno hilo, mimi nililisikia.

Tuliacha lami tukafuata njia ya vumbi kuelekea upande wa ziwa Manyara, mpaka tukafika kwenye nyumba ndogo ndogo za mabati mekundu. Kwenye geti palikuwa na kibao kimeandikwa kwa herufi kubwa: KARIBU UPUMZIKE. Mama Theodori alikisoma polepole, akafanya ishara ya msalaba. Nyuma ya nyumba tuliona mvuke unatoka ardhini. Nikamwambia Mungu wangu, mimi nina watoto bado.

Alitupokea muuguzi mmoja aitwaye Joyce, binti mcheshi mwenye heshima zake. Alituamkia, akamkalisha mama kwenye kiti chenye mto, akasema kabla ya jambo lolote hupima presha. Alipima. Akapima mkono wa pili. Kisha akavua ile furaha yake usoni.

"Bibi, dawa za presha unazo?"

"Niliziacha nyumbani."

"Leo umemeza?"

"Sijameza tangu Jumapili."

Theodori alisimama. Aliuliza kwa nini, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa.

"Mtu anayekwenda kupumzika," Mama Theodori alisema, "anameza dawa ya nini?"

Nikaona itabidi mimi niwe mdomo. Nikawaeleza yote: ukuta wa jiko, simu, kuku, sufuria, sala ya Xavery, na gauni lile kwamba ni la kuzikiwa. Edda alikaa chini pale pale sakafuni akashika miguu ya mama yake. Theodori akachuchumaa mbele ya kiti.

"Mama, ni kuoga," alisema mwishowe. "Daktari wa mjini alisema maji ya moto yatasaidia magoti, ukiendelea na dawa zako. Tumekuleta kuoga. Tulificha kwa sababu ungesema mbaazi hazijaisha."

"Kuoga?"

"Kuoga, Mama."

"Si ungesema kuoga."

Nilicheka, nisameheni, kicheko kilinitoka puani. Lakini Theodori hakucheka. Alimwuliza mama yake ilikuwaje aamini kwamba wanawe wa kuwazaa wangemtupa. Na hapa, ndugu zangu, sikilizeni alivyojibiwa, maana mimi nalisikia jibu hilo mpaka leo ninapopepeta.

"Mwanangu, tangu baba yenu atutoke, hamjanipeleka mahali ila hospitali. Ukija, gari linaunguruma. Nikitaka kukuuliza jambo, nakuuliza mgongo. Neno lako hilo nililisikia kwa kuibia, kwa kuwa ya kuambiwa sina. Ningelipambanua na nani?"

Theodori alitoka nje. Nilidhani amekasirika. Nikamwona amesimama kando ya gari, anafuta macho kwa kola ya shati. Kisha nikamsikia anaongea na kijana wake wa dukani, anamwambia afungue na kufunga mwenyewe, yeye harudi leo wala kesho.

Kwa kuwa mpango, mnaona, ulikuwa ni kumwacha kweli. Walitaka kumlipia wiki, wamkabidhi kwa wahudumu, warudi kazini, waje kumchukua. Kwa nia njema kabisa. Kwa maana hiyo Mama Theodori hakukosea yote.

Joyce alisema kwa presha ile hawezi kumruhusu mtu kugusa maji, maana maji ya moto yangeweza kumwangusha. Tulimkimbiza zahanati, akapewa dawa, akatazamwa, na daktari akawasema wanawe mbele yetu mpaka nikawaonea huruma. Usiku ule Edda alilala kitanda kimoja na mama yake, na Theodori alikaa nje ya mlango kwenye kiti cha plastiki. Mama alipomwambia aende akalale, alijibu kwamba haendi popote. Asubuhi tulipoona amelala akiwa amekaa, shingo imepinda, mdomo wazi, mama yake alimfunika kanga usoni inzi wasimsumbue.

Siku zilizofuata, tukingoja presha ishuke, ndizo zilizokuwa tamu. Tulikwenda ukingoni mwa ziwa kuwaona heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, ni wengi mpaka maji hayaonekani. Mama Theodori aliuliza nani anawafulia mavazi. Tulipelekwa kwenye jicho la chemchemi, pale maji yanapotoka yakichemka, tena pamezungushiwa ukuta watu wasiungue. Mhudumu alitumbukiza yai likiwa ndani ya kikapu, likatoka limeiva. Mama Theodori alilimenya, akalionja, akatamka kwamba kumbe Mungu ana jiko lake na halitaki mtungi. Tangu hapo kila siku alidai yai la Mungu. Mchele wa Magugu nao alikula, akaongeza, akasema "naupenda". Safari hii Edda alilisikia.

Na kubwa kuliko hayo, walizungumza. Theodori alimweleza mama yake mambo ya duka ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Mama alimweleza jinsi baba yake alivyokuwa anamwimbia utotoni kwa Kiiraqw, akauimba wimbo wenyewe, na Theodori, jibaba zima, akaukumbuka. Mimi nilijifanya nachagua mchele.

Presha iliposhuka, Joyce aliruhusu. Bwawa la kuogea liko mbali na jicho la chemchemi, maji yamepozwa, yamezungushiwa mawe. Edda aliingia kwanza na kanga yake, akanyoosha mikono. Mama Theodori aligusa maji kwa kidole cha mguu, akaurudisha, akagusa tena. Kisha akashuka ngazi moja, na nyingine, mpaka maji yakafika kifuani. Akafumba macho.

Tulingoja aseme kitu. Akaanza kuimba, na wimbo ulikuwa uleule ambao jumuiya ilimwimbia uani akiwa anaagwa. Ila sasa aliuimba kwa mwendo wa ngoma, anarusha maji, anacheka, na Edda anamwitikia. Joyce alipokuja kusema muda umetosha, Mama Theodori alimwomba amwache kidogo, maana ndiyo kwanza amepumzika.

Magoti hayakugeuka ya msichana, nisiwadanganye. Lakini siku ya kurudi alipanda garini mwenyewe, bila kushikwa.

Tulipoingia Singe watu walitoka majumbani kama wameona mfu. Jovita alipiga kelele, kisha akakumbuka jambo, akarudi ndani mbio. Kuku aliwarudisha siku hiyohiyo, ila lile jogoo jekundu alikuwa ameshalila, tena kwa maombolezo, akidai kwamba kila paja alilolitafuna alimkumbuka marehemu. Mama Theodori alicheka mpaka akahitaji kukaa. Sufuria yangu nami niliirudisha, nimeisugua. Lile gauni hakulirudisha kabatini. Analivaa kanisani kila Jumapili, na akiulizwa husema kwamba amelianza mapema.

Nasi tulipokuwa tunacheka hivyo, nilisikia kitu kinakosekana. Nikageuka kutazama nje. Gari lilikuwa limenyamaza. Theodori alikuwa ameweka funguo kwenye kigoda, amekunja mikono ya shati, ameokota fimbo, anapura mbaazi. Anapiga vibaya sana, lakini anapiga.

FUNZO

Ndugu zangu, wazazi wetu hawafi kwa kukosa sukari. Wengi wanadhoofika kwa kukosa wa kuzungumza naye, na mtu asiyezungumzwa naye huyajaza mwenyewe yale asiyoyaelewa, tena huyajaza kwa hofu. Theodori na Edda walimpenda mama yao, wakampangia jambo jema, lakini walilipanga juu ya kichwa chake, na neno moja zuri likakaribia kumwua. Mzee akiugua, msiamue habari zake pembeni. Mwambieni, mwulizeni, mhakikishe dawa anazimeza, na maji ya moto yawe msaada wa tiba, yasiwe badala yake. Na ukiweza, mpeleke mzazi wako mahali pa furaha angali ana macho ya kupaona, ukae naye huko.

Kama hayo yote ni mengi kuyashika, shika hili moja. Ukifika kwa mama yako, zima gari. Ile marahaba yake, isubiri.