Mahali pa Kusimama

Kabla jogoo hajawika, Maalim Nassor alikuwa tayari msikitini. Akiadhini, akiswalisha, kisha huyo mbio mpaka chuoni, ambako watoto walimngoja na misahafu yao. Mchana ana ndoa ya kufungisha. Alasiri kuna mgonjwa wa kuombewa dua. Baada ya isha kuna mke na mume waliogombana, nao hawana wa kuwapatanisha ila yeye. Hivyo ndivyo zilivyokuwa siku zake mjini Kismayu, mwaka nenda mwaka rudi.

Hata Alhamisi mchana, wakati vyuo vyote hufungwa mpaka Jumamosi, yeye hakufunga.

"Elimu haina likizo," alisema. Watoto walinuna, lakini nani angempinga Maalim?

Basi kazi ikaanza kumla. Sauti ilikwaruza. Usingizi ulimpaa. Aliwafokea watoto kwa makosa madogo, kisha akajilaumu. Kazi aliyokuwa akiipenda ilianza kumchosha kabla hata hajaianza. Jambo hilo lilimtia hofu, wala hakumwambia mtu.

Ijumaa moja, baada ya sala, alishikwa mkono na Mzee Idris. Huyu alikuwa baharia zamani, na ulimi wake wa Kibajuni ni pilipili.

"Maalim, hotuba ya yeo naijua."

"Ya leo unaijua vipi, mzee?"

"Si ile ya subira? Ijumaa iliyopita ilikuwa subira. Ya kabla yake, subira. Sasa mchu akikosa subira ya kuisikiliza, alaumiwe nani?"

Watu wakacheka. Nassor naye alicheka, lakini uso ulimwaka moto. Hakuwa na habari kwamba ameirudia.

Alipofika nyumbani alimsimulia mkewe, Tasnim. Tasnim hakucheka. Alimwita Arafa, jirani yao, ambaye ni muuguzi. Arafa alimtazama koo, kisha akamuuliza maswali.

"Unalala vizuri, Maalim?"

"Nikipata nafasi."

"Unakunywa maji?"

"Nakunywa kahawa."

"Kahawa si maji. Sasa nisikilize. Mguu ukiteguka huutembelei, sivyo? Na koo ni vivyo hivyo. Ukizidi kulilazimisha, sauti inaweza kuharibika isirudi ilivyokuwa. Pumzika wiki mbili. Usipaze sauti, wala usinong'one, maana kunong'ona nako kunachosha koo. Kunywa maji, lala usingizi. Kama bado hujapona, lazima daktari akuangalie."

"Na huku kufoka na kukosa usingizi?" Tasnim aliuliza.

"Huko ni kuchoka kwa kazi. Si upungufu wa imani. Mchu anayebeba shida za wenzake kila siku, naye huelemewa."

"Na chuo changu?" Nassor alisema. "Nimwachie nani?"

"Si una Hamidi, msaidizi wako?"

"Hamidi bado."

"Bado nini?" Tasnim alimkatiza. "Ana ndevu na watoto wanne!"

Nassor akakubali shingo upande, chuo akamwachia Hamidi, naye na Tasnim wakaenda kisiwani Koyama, kwa Bi Mwanamwema, shangazi yake Tasnim. Bi Mwanamwema alikuwa mwalimu pia. Aliwafundisha wasichana Kurani uani kwake.

Lakini Nassor hakutulia. Mwili ulikuwa Koyama, roho imebaki Kismayu. Akikaa, anasimama. Akilala, anahesabu nani amefika chuoni na nani ametoroka. Kila mara alipanda juu ya kilima cha mchanga, palipokuwa na mtandao, akamnong'oneza Hamidi kwenye simu: fanya hivi, usifanye vile. Msikitini aliketi nyuma akiwa mgonjwa, na huko pia hakupumzika. Kazi yake ilikuwa kumsikiliza imamu ili apate kosa.

Alhamisi asubuhi alikuwa uani, miguu ikimcheza. Msichana mmoja, Nuha, alikuwa akisoma. Alisoma mbio mbio, maana akimaliza chuo kinafungwa. Alifika penye mim ndogo, ile alama inayomlazimisha msomaji kusimama. Nuha hakusimama. Alipita moja kwa moja, na pumzi ikamkatikia katikati ya neno.

Nassor aliruka juu. "Simama! Hapo pana..."

Sauti ikaisha. Kilichotoka ni mkwaruzo tu, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Wasichana wakaficha nyuso zao kwenye mitandio. Nassor alifungua kinywa tena, lakini hakikutoka kitu. Alishikwa na woga wa kweli. Je, ikiwa ndiyo imekwenda?

Bi Mwanamwema alimletea maji, akangoja anywe.

"Nuha," alisema, "msomaji asiposimama penye mim ndogo, huwaje?"

"Pumzi humkatikia mahali pasipofaa, na maana huharibika."

"Na akisimama, ameacha kusoma?"

"Hajaacha. Kusimama ni sehemu ya kisomo."

Bi Mwanamwema akamgeukia mgeni wake. "Umesikia, mwanangu? Haya si mageni kwako, unayafundisha wewe. Lakini Alhamisi zako zote umeziruka. Ndiyo maana pumzi imekukatikia katikati ya subira."

Kumbe Tasnim alikuwa amemweleza yote! Nassor alikasirika. Kisha akaona haya. Kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko kisicho na sauti, mpaka machozi yakamtoka. Alitoa simu mfukoni akamkabidhi mkewe.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Mkono uliitafuta simu wenyewe. Baadaye usingizi ukaja, akalala mpaka akaamshwa kwa uji. Msikitini, safari hii alimsikiliza imamu kwa ajili ya kusikia tu. Ilikuwa miaka mingi tangu asomewe. Siku zote msomaji alikuwa yeye. Aya alizozihifadhi tangu utotoni zilimwingia kama mpya, akalia. Alipotoka, maneno ya hotuba yake mpya yalikuwa yanamjia yenyewe.

Alirudi Kismayu na sauti yake, naye Arafa akamwonya asiilazimishe tena. Chuo alikikuta kizima. Hamidi alikuwa amewavusha watoto sura mbili mbele, bila kumfokea hata mmoja. Tangu hapo madarasa ya asubuhi yakawa ya Hamidi, na magomvi ya nyumbani wakapewa wazee wa mtaa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Alhamisi ilipofika, Maalim alisimama mbele ya watoto. "Kuanzia leo, Alhamisi mchana chuo..." Hakumaliza. Ua ulikuwa mtupu, vumbi tu ndilo lililobaki.

Ijumaa alipanda mimbari. Hotuba ilikuwa fupi, juu ya msomaji na mahali pake pa kusimama. Alisema polepole, akavuta pumzi kila palipohitaji.

Mlangoni alimkuta Mzee Idris akimngoja.

"Maalim," mzee alisema, "ya yeo sikuwa naijua."

"Alhamdulillahi."

"Basi hiyo," alisema Mzee Idris, akivaa viatu, "hiyo irudie."