Kifua Kitupu

Karatasi ya ukutani ilianza kunuka tope la mikoko Jumatano baada ya chakula cha mchana, na kundi zima likamtazama Sakiusa, kana kwamba ni viatu vyake.

Mgonjwa wao alikuwa wa kubuniwa. Ndivyo wanafunzi wa udaktari pale mjini Suva walivyofundishwa: unapewa kisa, unausaka ugonjwa. Ili wauone kwa macho, Mereoni alilala juu ya karatasi kubwa, binamu yake Sakiusa akauzungushia mwili wake kalamu, wakaibandika ukutani. Wakachora ini, figo, na mishale ya kuonyesha kipi kimeharibu kipi. Kifua walikiacha kitupu, maana ukurasa wa kisa unaoeleza kifua ulikuwa bado kwa mwalimu wao, Daktari Losena, mama asiyetoa jibu kabla ya wakati.

"Si nilikwambia uoge, binamu?" Mereoni alitania.

"Aliye ukutani ni wewe. Jinuse."

Mereoni alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakosa mwisho. Akaanguka. Ndipo wakasikia karatasi ikivuta hewa, kwa shida, kama mtu aliyefunikwa kitambaa kibichi usoni.

"Kwetu kisiwani Kadavu hatuchori mtu nusu," Daktari Losena alinong'ona, amesimama mlangoni. "Kuna visivyo na mwili, vinatafuta. Hiki kimepata, ila hakina cha kupumulia. Kinachukua pumzi ya Mereoni."

"Basi tuichane!"

Sakiusa alivuta pembe ya karatasi. Ikachanika kidogo tu, na Mereoni akapiga yowe, bega lake likivuja damu.

"Namchorea mapafu, Daktari."

"Usithubutu, mwanangu! Ukikikamilisha hakitoki tena."

"Na nisipochora?"

Sakiusa aliogopa, lakini alimwona Mereoni akibadilika rangi midomoni, vidole vikikwaruza sakafu, macho yakimwomba yeye na si mwingine, naye akaishika kalamu kwa mikono miwili, akachora pafu la kulia, akachora la kushoto, huku ile harufu ikimjaa kooni na kitu kikimpulizia vidole pumzi ya baridi.

Mereoni akavuta hewa, akalia kwa sauti. Sakiusa akamkumbatia, naye analia.

Nyuma yao, ukutani, karatasi ilituna taratibu, ikanywea, ikatuna tena.