Aliyechoshwa na Maji

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha ilimfikia Bernadi akiwa ameketi kwenye benchi la kliniki ya kifafa, Mbinga mjini, mwezi Februari, wakati ambao hakuna anayemenya kahawa. Alitazama dirishani. Nje palikuwa na mama anayeuza maandazi, basi. Akajiambia ni viatu vyake vya shambani. Lakini mwili ulikuwa umeitambua harufu ile kabla ya akili, kwa kuwa kwa miaka mingi binti yake Anjelina alikuwa akisema, "Baba, kahawa inanuka," na kabla hajamdaka, yuko chini anatupa mikono na miguu.

Mtoto wa kike aliyekaa mwisho wa benchi akaanguka.

Watu walisogea. Hakuna aliyekusudia ukatili; walisogea wakilikwepa povu, maana wengi bado huamini kwamba ugonjwa hupitia humo. Muuguzi, Sista Hilda, ndiye aliyepiga magoti, akamlaza mtoto kwa ubavu, akamwekea kanga chini ya kichwa, akakataza kijiko mdomoni. Wamwache, alisema, kitapita. Kikapita.

Bernadi peke yake hakuwa amesogea, na mama wa mtoto aliliona hilo. Alimwamkia shikamoo, akasema anaitwa Lidia, mke wa mvuvi, kwao Mbaha, kando ya ziwa, na huyu ni Ida. Alisimulia kama mtu aliyekosa wa kumsimulia. Ida alikuwa mzima mpaka mwaka juzi, ikamjia homa kali, malaria ikampanda kichwani. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu alimweleza kuwa ubongo ulibaki na kovu, na kwamba dawa zikipatikana kipimo chake, mtoto atatulia. Leo walikuja kuongezewa dozi.

"Daktari namwamini, baba," Lidia alisema kwa sauti ya chini. "Ila kuna jambo sijamwambia. Kabla ya homa ile, mtoto aliokota kuku ufukweni. Mweusi, ana kitambaa chekundu mguuni. Akamfuga, wakawa wanalala pamoja. Siku Ida alipoanguka mara ya kwanza, kuku akafa."

Kitambaa hicho alikifunga Bernadi.

Wakati ule Anjelina alikuwa ameangukia motoni, na watu walimwambia aliyekwisha kuungua haponi tena. Mganga akaja, akasema ni jini, akazungumza nalo, likakubali kuhamia kwenye kuku, mradi lipelekwe kwenye maji makubwa. Bernadi alimpakata kuku mpaka Mbaha, akamwacha kwenye matete, akaondoka bila kugeuka. Yeye mtu wa milimani aliona maji hadi upeo wa macho, akadhani pale si kwa mtu. Juma hilohilo Anjelina alianza vidonge vya kliniki hii, na hakuanguka tena. Kipi kilimponya, baba yake hakuuliza. Alishukuru kote kuwili. Sharti la mganga lilikuwa moja tu: jini likikuita, usiitikie, maana ukiitikia umelipokea.

Ida alifumbua macho. Yalimpita mama yake, yakatua kwa Bernadi, na midomo ile ambayo ilikuwa bado na utando wa povu ikatamka maneno machache, taratibu, kwa Kimatengo, lugha ya kwao Bernadi.

"Umesikia?" Lidia alinong'ona. "Kila akizinduka husema hivyo. Sisi kwetu Kinyasa, hatuelewi. Wewe ni mtu wa huku juu, baba. Anasema nini?"

Alikuwa amesema, Baba, nimechoshwa na maji, nirudishe nyumbani. Na aliyasema kwa lafudhi ya mlima wa kwao Bernadi, kwa sauti isiyo na hasira wala kitisho, sauti ya mtoto aliyesahauliwa mahali na kungoja mpaka jioni bila kulia, na harufu ya maganda ikapanda tena kutoka sakafuni, nzito, ya moto, ikamjaa puani na kooni, naye akamwona Anjelina nyumbani akipepeta mahindi kwa mikono yenye makovu, mzima, akiimba, asiyejua kitu.

"Anasema ana kiu," Bernadi alijibu.

Lidia akafunika uso kwa ncha ya kanga. "Muda wote huu mwanangu ana kiu," alisema, "na mimi namtazama tu."

Akatoa chupa ya maji na kikombe. Ida akanywa, macho hayatoki kwa Bernadi, akanywa bila kupumua, maji yakimtiririka shingoni na kulowanisha gauni, akanywa kama anayetii adhabu, na kila kikombe kilipoisha mama yake, akicheka na kulia kwa pamoja, alimjazia kingine, akimshukuru Bernadi, akimwombea Mungu ambariki yeye na watoto wake.

Bernadi alivumilia mpaka baraka ile. Kisha akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akalijibu lile jini kwa Kimatengo, kwa sauti ambayo hata Lidia hakuisikia. Njoo, alisema.

Ida akaanza kulia, akimwita mama yake kwa Kinyasa. Lidia akamkumbatia, akaamini ni maji yaliyomzindua. Sista Hilda akawaita ndani kwa daktari.

Bernadi alichukua vidonge vya Anjelina kwenye dirisha la dawa, akampa jirani yake Kilian, aliyekuja mjini na pikipiki, avifikishe nyumbani. Kilian akamtania kuwa anabaki mjini kwa sababu amepata mchumba. Bernadi hakucheka. Alikwenda kukaa nyuma ya stendi, peke yake, kwenye rundo la matofali. Kupanda nyumbani nalo hakuweza, na kushuka ziwani kulirudisha hakuthubutu. Akapiga simu.

"Kilian anakuja na dawa, mama," alimwambia binti yake. "Unywe kila jioni, usiruke hata siku moja, hata ukijiona mzima kiasi gani."

"Na wewe unarudi lini, baba?"

Bernadi alihamishia simu sikio la pili. Anjelina akapunguza sauti.

"Baba, huyo mtoto anayelia hapo ulipo ni wa nani?"

Bernadi alitazama kulia na kushoto. Palikuwa na matofali, na vumbi.

"Wa kwetu," akasema.