Ijumaa Tunahamia

"Nani huyo anakutumia ujumbe kila saa hivyo?" shangazi Aluong aliuliza.

Adau aliigeuza simu kifudifudi juu ya mkeka. "Ni watu wa promosheni tu, shangazi."

Haikuwa promosheni. Ujumbe wenyewe ulisema: *"Umefanya vizuri kurudi Kakuma. Ukionekana tena Lodwar, Ekeno atazikwa ndani ya shamba lake."*

Adau alizaliwa Sudan Kusini, akaingia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, akiwa mgongoni mwa mama yake. Alipopata kibali cha kwenda kufanya kazi Lodwar, alijiunga na chama cha wafanyakazi wa mashamba kando ya mto Turkwel. Mwenyekiti wake alikuwa Ekeno, kijana Mturkana aliyesomea kilimo Israeli, huko kwenye jangwa. Wakipumzika baada ya kupalilia mtama, Ekeno alikuwa na hadithi moja tu.

"Kijiji nilichokaa kule hakikuanzishwa na tajiri," alikuwa akisema. "Ni Wayahudi waliokuja mikono mitupu, wengine hawajawahi kushika jembe. Wakaunda vyama vya vibarua wa mashamba. Chama kikawafundisha kulima, kikawatafutia maji na mbegu, kikaweka shule na zahanati. Vibarua wakawa wanakijiji."

Siku moja Adau alimkatiza. "Na watu waliowakuta pale?"

Ekeno alikwangua udongo kwenye jembe lake. "Hapo kuna kilio mpaka leo. Ndiyo maana sisi tumeanza na wenye ardhi. Wafugaji wa hapa wako ndani ya chama, na wao ndio waliokata mipaka."

Swali hilo ndilo lililomfanya Ekeno ampende. Haikupita muda wakachumbiana, na wanachama wakaanza kujenga kijiji chao kando ya shamba, nyumba za matofali ya udongo. Walikubaliana kwamba harusi ya kwanza ya kijiji iwe yao.

Hapo ndipo vitisho vilipoanza. Pikapu nyeupe isiyo na namba ikawa inapita polepole kando ya shamba. Simu ya Adau ikawa inapokea ujumbe: *"Ondoka. Ukimwambia mtu, Ekeno anakufa."* Adau hakumwambia mtu. Alifunga nguo zake akapanda gari la Kakuma bila kuaga, na tangu hapo kila mlio wa injini nje ya ua ulimfanya achungulie mlangoni.

Asubuhi hiyo injini ililia tena, ikazima mlangoni. Adau akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa bati.

"Adau! Toka nje!"

Ilikuwa sauti ya Ekeno. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Ondoka hapa!" Adau alinong'ona. "Umefuatwa? Kuna gari nyuma yako?"

"Gari gani? Nimekuja kukuuliza kitu kimoja nirudi zangu. Huyo Madut ni nani?"

"Madut?"

"Dada yangu Losike ameniambia umeolewa na mfanyabiashara wa kambini, anaitwa Madut. Ningesikia kwako, isingeuma hivi."

"Simjui Madut yeyote! Ekeno, mimi nilikimbia usife!"

Akampa simu. Ekeno alisoma ujumbe wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akaitazama namba, na uso wake ukabadilika.

"Hii laini nilisajili mimi," alisema. "Nilimpa dada yangu."

"Losike? Losike aliyenisuka nywele?"

Ekeno alipiga namba hiyo, akaweka spika.

"Ejok, hujambo ndugu yangu," sauti ya Losike ikaitika.

"Dada, niko Kakuma. Niko na Adau. Nimeona namba."

Losike akaanza kulia.

"Yule mtu wa pikapu, dalali anayetaka kuuza hiyo ardhi yenu, alinikuta mtoni," Losike alisema. "Alisema, huyo mwanamke wa kambi aende na chama ivunjike, ama wewe unakufa. Ekeno, baba alipigwa risasi kule Lokiriama, ni mimi nilimfunika na shuka. Sitaki kukufunika na wewe!"

"Kwa hiyo ukanitisha mimi, na yeye ukamdanganya na huyo Madut?" Adau alisema.

"Wewe ulikuwa na mahali ya kurudi. Yeye hana." Losike akavuta pumzi. "Sikia. Ijumaa wanaleta tingatinga. Wanasema nyumba hazina watu, hapo ni pori tu."

Simu ikakatika. Ekeno alikaa chini, kichwa mikononi. "Yamekwisha. Nitawaambia wanachama waokoe mabati."

Adau aliutazama mlango wa nyumba. Alijua akinyamaza atabaki hapo, salama, kando ya shangazi yake.

"Na zikiwa na watu?" aliuliza.

"Nini?"

"Nyumba. Tuhamie wote kabla ya hiyo Ijumaa. Na vitanda, na watoto, na mbuzi. Na chifu umwite aje akae aone."

"Adau, unaweza kuumizwa."

"Naogopa kweli. Piga simu kabla sijabadilisha mawazo."

Ijumaa, jua likiwa utosini, tingatinga lilikuta moshi unatoka kila jiko. Wanawake walikuwa wanatwanga, watoto wanafukuza mbuzi wasile mboga, na chifu amekaa kwenye kigoda mbele ya banda la pampu. Dalali alishuka kwenye pikapu, akamwendea Adau moja kwa moja.

"Wewe mkimbizi, nani alikupa ruhusa ya kuwa hapa?"

Adau alichomoa karatasi kwenye kanga yake. "Kibali ninacho. Chako cha kubomolea watu kiko wapi?"

Dalali akainua mkono. Losike akapenya katikati yao, amekunja ngumi, machozi yanamtiririka.

"Chifu, ni huyu! Huyu ndiye alisema ataua ndugu yangu! Na mimi nikatisha huyu msichana kwa sababu yake. Andika yote, na jina langu uandike."

Wanaume kwa wanawake wakaacha kazi, wakasogea na majembe yao. Dereva wa tingatinga aliwaangalia, akamwangalia chifu anayepiga simu polisi, akarudisha mashine nyuma bila kuulizwa. Dalali alibaki anafoka peke yake mpaka polisi wakaja kumchukua.

Losike aliporomoka chini. Adau akaketi karibu yake.

"Ulinifukuza," Adau alisema.

"Nilikufukuza."

"Nilikuwa nakuita dada."

"Najua. Usiniite tena, ni haki yako."

Adau aliitazama barabara. Pikapu nyingine zingeweza kuja, wote walijua hivyo.

"Wiki ijayo kuna harusi," alisema mwishowe. "Sina mama hapa. Nani atanivalisha shanga?"

Losike alilia upya. Siku ya harusi alivua shanga zake mwenyewe mbele ya kanisa zima, akanyanyua mikono, ikaishia mabegani mwa bibi harusi.

"Inama basi," alisema. "Wewe mrefu sana."

Adau akainama.