Kikombe cha Mama Mkwe

Nina miaka thelathini na minne. Nilikuwa mtaalamu wa maabara hapa Tabora, kwenye utafiti wa fangasi wanaoishi tumboni. Tulipokea choo cha watu, tukasoma vinasaba vya fangasi waliomo. Miaka sita nimeshika choo cha watu baki bila kukunja uso. Cha mtu mmoja tu kilinishinda!

Mama mkwe alitoka Urambo kuja kwetu mtaa wa Ng'ambo, tumbo linamtesa, kisukari kimemchosha. Daktari akataka apimwe kwenye maabara yetu ili ajue dawa ya kumpa. Nikapewa kikombe nimpelekee.

Jamani! Mkwe ninayempigia goti kila asubuhi, shikamoo mama, leo nimwambie anipe choo chake? Nilikiacha kikombe chumbani kwake, nikakimbilia jikoni. Kesho yake hakusema kitu, nami nikanyamaza. Kazini wananisubiri... Nikachukua kikombe kingine, nikaweka choo changu, nikaandika jina lake.

Majibu yakatoka: hana fangasi wa hatari. Daktari akahangaika na mengine.

"Mkamwana, mashine yako imesemaje?" mama akaniuliza.

"Uko salama, mama."

Akaniombea dua! Na kila siku anazidi kukonda. Niseme, ndoa yangu je? Ninyamaze, naye anaisha mbele ya macho yangu? Nilisonga ugali huku nalia, nikisingizia moshi.

Njia ya mwongo ni fupi. Sisi wafanyakazi tulishatoa vyetu kwa majaribio, na kiongozi wetu, akilinganisha vinasaba, akagundua kwamba changu na cha mama ni vya mtu mmoja. Nikafukuzwa.

Nilirudi mbio, nikapiga magoti, nikamweleza mama yote. Akanyoosha mkono uvunguni. Kikombe kile kile, kimejaa, kimekauka, kimeviringishwa kitambaa.

"Nilikiweka tayari siku ile ile," akasema. "Nikaona haya kukupa. Basi, mwanangu asijue."

Alipimwa upya, fangasi wakaonekana, dawa ikaanza, lakini alishachoka. Tulimzika Urambo.

Mume wangu anajua niliacha kazi kwa kuwa mradi uliisha tu. Ananisifu kwa ndugu zake, eti nilimuuguza mama kama mzazi wangu! Nikisema, navunja neno la marehemu. Nisiposema, nazimeza sifa hizo kila siku...

Wasomaji wenzangu, mheshimuni mkwe, lakini ugonjwa hauna mkwe! Ulizeni, hata uso ukiwaka kwa haya. Swali lenyewe lilikuwa fupi tu: Mama, kikombe kiko tayari?